Kiti Hakimtakasi Mtu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza. Ila hawakutuambia inakuwaje akioza yule aliyewekwa juu kabisa ya kapu, anayeonekana na kila mpita njia. Wacha niseme mimi niliyelelewa karibu na soko la Kangemi: mnunuzi hafukui kapu kutafuta walio wazima. Huziba pua akaenda zake, na kesho hata upande huo hapiti.

Walimu wetu wapendwa na wanafunzi wenzangu, ndivyo ilivyo kwa viongozi wa Kikristo. Muhula huu Chama cha Wakristo cha shule yetu kinachagua viongozi wapya, na jina langu limo miongoni mwa majina matatu yaliyopendekezwa kwa kiti cha mwenyekiti. Sikuchukua kalamu ili niombe kura. Nataka tuulizane jambo moja ambalo hatuliulizi siku za kampeni. Je, kiongozi wa Kikristo ni lazima awe mtakatifu, ama inatosha awe anajua kuomba kwa sauti kubwa na kuhubiri mpaka watu watokwe na machozi?

Kwetu nyumbani swali hili si la mdahalo wa Ijumaa. Limekaa nasi mezani kwa miaka minne sasa.

Mama yangu huuza mboga. Kanisa tulilokuwa tukienda lilikuwa la mabati mabovu, na mvua ya Aprili ilikuwa ikitunyeshea pale pale kwenye viti. Basi mchungaji akaanzisha mfuko wa paa. Kila Jumapili Mama alifunga shilingi mia moja kwenye kona ya leso na kuipeleka mbele, mvua inyeshe jua liwake, hata zile wiki ambazo sukuma wiki ilimnyaukia mikononi. Alifanya hivyo kwa muda wa miaka mitatu. Nimekuwa nikifanya hesabu: ni kama shilingi elfu kumi na tano. Kwa mtu wa Lavington pengine ni pesa za chakula cha mchana. Kwa mama mboga ni karo.

Paa halikuja. Kilichokuja ni gari, na halikuwa gari la kanisa. Wazee walipoomba kuona vitabu vya hesabu, mchungaji aliwajibu ati wanamgusa mpakwa mafuta wa Bwana na wasishangae laana ikiwafuata mpaka nyumbani. Wazee wakaogopa, wakanyamaza. Jumapili moja tukafika tukakuta kufuli mlangoni, na mwenye ploti akatwambia kodi ya miezi mingi haijalipwa.

Mama alihamia kanisa jingine wiki iliyofuata. Alisema maneno ambayo sitayasahau: "Mungu hakuiba mabati." Lakini kaka yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga kinanda katika kanisa lile, hajaingia kanisani tangu siku hiyo. Tukimwomba twende naye hujibu kwa upole tu, "Kama wale ndio walikuwa wanamjua Mungu, mimi nitamjulia wapi?" Mama hana jibu la kumpa. Mimi pia sina. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema kwamba dhambi ya kiongozi ni siri yake na Mungu wake, huwa nashindwa kunyamaza. Si siri yake. Inakaa kwetu, inakula kwetu, na kila Jumapili asubuhi inabaki kitandani wakati sisi tunatoka.

Hebu tufungue Biblia, kitabu cha kwanza cha Samweli. Palikuwa na kuhani aliyeitwa Eli, na wanawe wawili, Hofni na Finehasi. Watu walipoleta nyama ya sadaka, vijana hao walimtuma mtumishi na uma wa meno matatu, wakajitwalia walichotaka kabla hata mafuta hayajateketezwa. Ukikataa, unatishwa kwa nguvu. Biblia inatufahamisha matokeo yake: watu wakafikia kuidharau sadaka yenyewe. Ona hapo, msomaji. Uma uliingia katika chungu cha nyama, lakini uliharibu ibada ya taifa zima. Kaka yangu hakuzaliwa jana. Alikuwako tangu siku za Eli.

Lakini katika nyumba ile ile kulikuwa na mtoto mdogo, Samweli, akifagia na kufungua milango, akiyaona yote kwa macho yake. Hakuwa na cheo. Utakatifu wake ulianza akiwa bado mtu wa kutumwa. Hapa ndipo ninapopata fundisho langu, na ningependa ulishike hata ukisahau mengine yote: kiti hakimtakasi mtu. Mtu hupeleka kitini kile alichokuwa nacho tangu zamani. Ikiwa alikuwa mwizi wa chenji dukani, atakuwa mwizi wa sadaka madhabahuni. Ikiwa alikuwa mkweli jikoni kwa mama yake, kuna tumaini.

Hebu tuje kwetu Nairobi. Ukitoka Kangemi ukashika Waiyaki Way, kisha ukapinda kuingia barabara ya James Gichuru kuelekea Lavington, utafika Msongari, penye Kanisa la Mtakatifu Austin na makaburi ya wamisionari wa zamani. Hapo ndipo alipozikwa mwaka 2003 Kadinali Maurice Michael Otunga, kabla ya mwili wake kuhamishiwa Karen, katika Bustani ya Ufufuko. Sisi nyumbani si Wakatoliki, lakini mtu mwema hana uzio.

Otunga alizaliwa mwaka 1923 huko Bungoma. Baba yake, Sudi Namachanja, alikuwa chifu mkubwa wa Wabukusu, mtu wa wake wengi na mali nyingi. Kijana huyu alitazamiwa kurithi uchifu. Fikiria hapo kidogo! Leo watu huuza mashamba ili wapate kiti cha udiwani, na huyu kiti kilimngoja nyumbani, kimepanguswa vumbi. Akakiacha. Akachagua upadri, akapata daraja hilo Roma mwaka 1950. Mwaka 1960 akawa askofu wa Kisii, mwaka 1971 askofu mkuu wa Nairobi, na mwaka 1973 Papa Paulo wa Sita akamfanya kadinali. Hakuna Mkenya aliyewahi kupata cheo hicho kabla yake.

Wengi huishia hapo: wa kwanza, mkubwa, kadinali. Mimi hunigusa zaidi yale ya mwisho. Alipostaafu mwaka 1997, mtu aliyekuwa amepiga kura ya kuchagua mapapa wawili katika mwaka mmoja, 1978, alikwenda kuishi Nyumba ya Wazee, kule Kasarani, ambako masista hutunza wazee maskini wasio na wa kuwatunza. Hakujijengea kasri. Alikula walichokula wazee wale mpaka alipofariki tarehe 6 Septemba 2003. Leo Kanisa Katoliki linamwita Mtumishi wa Mungu, ambayo ni hatua ya mwanzo katika safari ya kumtangaza mtu kuwa mtakatifu. Mimi sina uwezo wa kuamua mambo ya mbinguni. Nasema tu kwamba yule aliyeachia kiti ujanani hakupata taabu ya kuachia kiti uzeeni. Alikuwa amezoea.

Wapo watakaosema, "Hayo ni mambo ya zamani, siku hizi hakuna." La hasha. Nilikuwa na miaka mitano tarehe 27 Novemba 2015, siku Papa Fransisko alipokuja Kangemi, katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Nakumbuka miguu ya watu tu, maana nilikuwa mfupi, mpaka Mama aliponibeba mabegani. Watu wazima wa mtaani hadi leo huzungumzia gari. Alipofika Nairobi siku mbili kabla, alipanda Honda ndogo ya kijivu katikati ya magari makubwa ya wakubwa. Kangemi alisema wazi kuhusu wanaonyakua ardhi, hata viwanja vya kuchezea vya watoto wa shule. Papa huyo alifariki Aprili 2025. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini maneno yake yaliwaingia watu hivyo. Nadhani ni kwa sababu aliyaleta kwa Honda. Angeyaleta kwa gari lingine, pengine tungeangalia gari.

Tuvuke mpaka sasa, twende Uganda, maana huko nimepata mfano unaonitetemesha. Janani Luwum alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda siku za Idi Amin. Aliokoka mwaka 1948 katika ule uamsho wa Afrika Mashariki uliowasha moto Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kufika Kenya mwaka 1937. Ndugu wa uamsho ule walikuwa na desturi ngumu: walikutana mara kwa mara, wakaambiana dhambi zao waziwazi, wakarudisha walichoiba, wakaombana msamaha, awe askofu ama mpishi. Waliita hivyo kutembea nuruni. Nyanya yangu ni mmoja wao. Yeye hata akikupa chenji pungufu ya shilingi moja atakufuata mpaka steji.

Basi usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari walivamia nyumba ya Luwum wakitafuta silaha. Walipekua kila chumba. Hawakupata kitu. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu nchini. Tarehe 16 Februari 1977 akakamatwa, na serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari. Walimwengu hawakudanganyika. Uganda sasa huiadhimisha tarehe hiyo kila mwaka kama sikukuu ya taifa.

Mpenzi msomaji, soma tena mpangilio wa mambo hayo: kwanza upekuzi, kisha barua. Nyumba yake ilipekuliwa usiku bila taarifa, na baadaye bado aliweza kusimama na kumkemea mtawala. Ni wangapi miongoni mwetu tunaoweza kupekuliwa hivyo? Simu, begi, daftari, sanduku la chini ya kitanda? Kiongozi mwenye kitu cha kuficha hawezi kumkemea mtu. Akifungua mdomo anaambiwa, "Nyamaza, tunakujua." Utakatifu si nguo nyeupe ya kujionyesha nayo. Ndio unaomfungua mtu mdomo.

Najua kuna pingamizi, na nimelisikia darasani kwetu: "Wewe acha kujifanya. Hakuna binadamu mkamilifu. Hata Daudi alianguka." Ni kweli alianguka, tena vibaya. Lakini nabii Nathani alipomwendea na kumwonyesha kosa lake, mfalme hakusema, "Unamgusa mpakwa mafuta." Alisema amekosa. Mfalme! Hiyo ndiyo tofauti kati ya Daudi na yule mchungaji wa mfuko wa paa. Mtakatifu ni binadamu kama wengine, anaweza kuanguka, lakini akianguka haweki kufuli mlangoni. Pia tusidanganyike na ukali wa sura. Mwaka 2023 nchi yetu ililia tulipoona miili zaidi ya mia nne ikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu walioaminishwa kwamba wafunge mpaka wafe ndipo wamwone Yesu. Hukumu ya wahusika ni kazi ya korti. Funzo letu ni kwamba kufunga sana na kukataza mengi si utakatifu, ikiwa anayewaongoza watu hakubali kuulizwa na mtu yeyote.

Kadhalika, utakatifu hauridhiwi kama shamba. Samweli mwenyewe, alipozeeka, aliwaweka wanawe kuwa waamuzi, nao wakala rushwa. Kuwa mtoto wa mchungaji, ama kuwa na nyanya wa uamsho kama mimi, hakunipi hata robo ya utakatifu. Kila mtu aanze mwenyewe, na aanze asubuhi.

Niwasimulie jambo moja la karibuni. Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024, Rais William Ruto alihudhuria misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, Embakasi, akatoa mchango: shilingi 600,000 kwa kwaya na wengine parokiani, na shilingi milioni 2 za nyumba ya padri. Kesho yake Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akatangaza kwamba pesa hizo zirudishwe. Siku chache tu kabla, maaskofu walikuwa wameikosoa serikali, na alisema Kanisa lazima lilindwe lisitumiwe kwa siasa. Watu walibishana sana. Wengine waliuliza, kwani kwaya ina kosa gani? Na nyumba ya padri si itajengwa kwa pesa? Ni maswali ya haki, kwa sababu kanisa linahitaji paa, na wanaotoa leso zao hawana mamilioni.

Lakini nitawaambia nilichokiona mimi. Jioni ile habari zilipotangazwa, kaka yangu alikuwa kwenye kochi na simu yake. Aliinua kichwa akauliza, "Amerudisha? Zote?" Tukamwambia zote. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Huyo anaeleweka." Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani. Sitawadanganya ili habari yangu ipendeze. Lakini kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo yote nilimsikia akilitaja kanisa bila uchungu, na Mama aliingia jikoni haraka ili tusimwone uso. Tendo moja la mkono safi lilifanya kile ambacho maombi yetu na mabishano yetu yalikuwa hayajafanya.

Sasa turudi shuleni, maana utakatifu usioingia getini kwetu una faida gani? Sisi ni wa shule ya kutwa. Hatuna bweni wala matroni. Saa kumi kengele ikilia, kila mtu hushika njia yake: huyu Kangemi, huyu Mountain View, huyu anapitia Westlands kwanza kuangalia madirisha ya maduka. Mwenyekiti wa Chama cha Wakristo anaweza kuwa malaika Jumatano kwenye mkutano na kuwa kitu kingine kabisa ndani ya matatu. Nani atajua? Jirani atajua, makanga atajua, na mdogo wako unayemtuma dukani atajua. Paulo alipomwandikia Timotheo kuhusu askofu, hakuanza na sauti nzuri ya kuhubiri. Alitaja asiwe mpenda fedha, asiwe mgomvi, aisimamie nyumba yake vyema, awe na sifa njema hata kwa walio nje. Makanga ni mmoja wa hao walio nje.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu, nani atachaguliwa si hoja.

Kwanza, sanduku la sadaka yetu liwe na kufuli mbili na funguo mbili, mmoja kwa mweka hazina na mwingine kwa mwalimu mlezi. Pesa zihesabiwe na watu wawili, na jumla ibandikwe ubaoni siku hiyo hiyo. Hii si kumshuku mtu. Ni kumsaidia. Mwizi wengi huanza kwa kukopa.

Pili, kila kiongozi achague rafiki mmoja mkweli, asiye shabiki wake, mwenye ruhusa ya kumuuliza chochote: umeilipa nauli leo? Hiyo kazi ya hesabu umeifanya mwenyewe ama umenakili? Ndugu wa uamsho walituonyesha kwamba gizani hakuna anayekua ila kuvu.

Tatu, mwisho wa mwaka mwenyekiti asimame mbele yetu kama alivyosimama Samweli alipozeeka. Mzee yule aliwaita watu wote akawauliza kama kuna aliyechukuliwa ng'ombe wake au punda wake, kama kuna aliyedhulumiwa, ili amrudishie. Watu wakashuhudia kwamba hakuna. Hakuwapa hotuba ya mafanikio. Aliwapa nafasi ya kumshtaki.

Mimi nikichaguliwa, mniulize hivyo mwezi wa Novemba. Nisipochaguliwa, nitamuuliza atakayekuwa amekalia kiti, kwa heshima, lakini nitamuuliza. Shime basi, wenzangu! Tukipiga kura tusiangalie nani analia kwa sauti kwenye maombi. Tuangalie nani hurudisha chenji. Huko nje kuna kaka za watu wanaotutazama kutoka kwenye kochi, na hawajaamua bado.